Wachoraji wa katuni nao wapewe meza ukumbini

Mhariri,

Muhula huu kulifanyika tamasha la usomaji hapa Kisumu, nami nilikuwa miongoni mwa waliokodi meza. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako mambo yangali mabichi. Mimi huandika, huchora na kujichapishia hadithi za katuni. Sina kampuni wala mfadhili. Ombi langu ni kwa wote wanaoandaa matamasha kama hili, kuanzia Nakuru hadi Busia: tuhesabuni sisi wachoraji miongoni mwa watunzi wa vitabu, na mtupangie nafasi kwa msingi huo.

Nilipokwenda kulipia meza niliambiwa ada ni moja kwa wote. Kampuni yenye vitabu vya kiada vya madarasa yote na mimi mwenye jarida la kurasa 32 tulilipa sawa. Nafasi zilipogawanywa, usawa huo ukaishia hapo. Wachapishaji waliwekwa ukumbini, karibu na jukwaa. Mimi nilielekezwa nyuma ya jengo, katikati ya wauza soda na vijana wanaowapaka watoto rangi usoni. Kwenye ratiba, meza yangu iliandikwa chini ya burudani. Ningeweza kulisamehe jua na vumbi la huko nyuma, lakini hilo la burudani bado linanikereketa.

Hata hivyo nilitandika leso, nikafunga kamba kati ya nguzo mbili na kuning'iniza kurasa kwa vibanio vya nguo. Jarida langu linasimulia habari za Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mkuki haukuweza kuupenya mwili wake, hadi mke aliyeletewa kutoka kwa maadui alipogundua kuwa uhai wake umo kivulini. Watoto wengi wa huku wameisikia hadithi hiyo kwa nyanya zao. Wachache wameiona kwenye karatasi.

Kuna ukurasa mmoja ambao niliuacha bila neno lolote. Shujaa ni mgonjwa na mkewe anataka kumchanja ampake dawa. Picha ya kwanza inaonyesha wembe ukikataa kuingia ngozini. Ya pili ni kivuli cha mume kikiwa kimelala kwenye sakafu ya udongo. Katika ya tatu wembe umegusa kivuli, na damu inachuruzika. Basi. Msichana mmoja mwenye sweta ya kijani, nadhani wa darasa la tano au la sita, alifika kwenye ukurasa huo akasimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akausoma tena huku midomo ikimchezacheza, kisha akaja mbele.

"Anti, mbona hapa hukuandika kitu?"

Nikamuuliza yeye anaonaje. Akafikiri kidogo, akasema, "Huyu mama ameshajua siri, lakini hataki mzee ajue kwamba amejua. Ndiyo maana amenyamaza."

Mhariri, nimechora kwa miaka mingi na sijawahi kuelezwa ukurasa wangu vizuri namna hiyo. Lakini hatukupata nafasi ya kuendelea, kwa maana mwalimu wake alifika. "Weka hiyo chini, tumekuja kutafuta vitabu." Kisha akanigeukia kwa adabu kabisa: "Usinielewe vibaya, dada yangu. Mzazi ametoa pesa ya kitabu cha hadithi. Nikirudi na vibonzo nitamjibu nini?"

Simlaumu. Alikuwa na wazazi wa kuwajibu, na ratiba aliyokabidhiwa mlangoni ilikuwa imeshamwambia kwamba upande ule ni wa michezo. Ninachomwomba ni aliangalie jibu la yule mtoto jinsi anavyoliangalia jibu la mtihani. Katika ufahamu wa Kiswahili mwanafunzi huulizwa kwa nini mhusika alitenda hivi, na alama hutolewa kwa anayeeleza jambo ambalo kifungu hakikulitamka waziwazi. Msichana yule alifanya hivyo hivyo, tena bila kuulizwa na mtahini. Hadithi ya katuni haisomeki vinginevyo. Kati ya kisanduku kimoja na kingine pana nafasi tupu, na msomaji ndiye anayeamua kilichotokea pale. Asipokifikiria, hadithi inakatika. Juu ya hayo kuna mazungumzo ya kusoma, uso wa kutazama, na wakati mwingine maneno yanasema hili huku uso ukisema lile. Mtoto anayeyapatanisha yote hayo anasoma, na anasoma kwa bidii.

Wala jambo hili si geni kwetu. Wasomaji wa Taifa Leo wamelelewa na vituko vya Juha Kalulu, kazi ya Edward Gitau, na wapo waliokuwa wakilifungua gazeti kuanzia kwake. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililomchora mwananchi wa kawaida wa mjini na shida zake. Mwaka 2010 likaja Shujaaz, kwa Sheng, likagawanywa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, na vijana ambao hungewakuta na riwaya mkononi wakalisoma. Msomaji wa katuni tunaye. Ila kazi hizo zilikuwa na gazeti la kuzibeba au pesa za kuzisambaza. Sisi tunaojitegemea hatuna gari la kusambaza nakala madukani. Tamasha ndilo duka letu, na anayetuweka nyuma ya jengo ametufungia duka.

Niseme na habari za pesa, kwa sababu waandalizi wengi hudhani tunabana tu. Mashine ya ofseti huhitaji bamba kwa kila rangi, na bei ya mabamba haibadiliki uchape nakala mia au elfu kumi. Mwenye kuchapa elfu kumi haihisi. Mimi nachapa chache kwenye mashine ya dijitali, ambako kila ukurasa una bei yake na rangi ni ghali, ndiyo maana jarida langu lina rangi kwenye jalada tu na ndani ni wino mweusi. Kisha kuna ushuru wa VAT wa asilimia 16, ambao vitabu vimetwishwa tangu sheria ya 2013. Ukiongeza ada ya meza iliyokadiriwa kwa kampuni kubwa, siwezi kupunguza bei ili mtoto mwenye sarafu chache za akiba aondoke na nakala. Siku hiyo meza yangu haikukosa watoto kuanzia asubuhi, na bado mauzo hayakurudisha ada.

Dawa yake si ngumu. Wapo waliokwisha kuitumia: tamasha la katuni la Comiket huko Tokyo, lililoanza mwaka 1975, limejengwa juu ya meza ndogo za watu wanaojichapishia wenyewe, na leo hufurika wasomaji. Hapa kwetu ingetosha kuigawa meza moja kwa wachoraji wawili au watatu, kila mmoja alipe sehemu yake, na meza hiyo iwe ukumbini pamoja na nyingine. Mchoraji awekwe kwenye kipindi cha watunzi, asubuhi, wakati shule zingali zipo. Tumekuwa tukiitwa alasiri kuchekesha watu mabasi yakiwa yanawashwa.

Kuna pia suala la maktaba. Jarida langu lina ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, iliyotolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa kama inavyotolewa kwa kitabu kingine chochote. Nilipolipeleka kwenye maktaba moja ya umma ya eneo hili, mkutubi alilifungua, akacheka mahali pa kucheka, kisha akaniambia hawana pa kuvipanga vibonzo. Rafu ya hadithi inatosha, mkuu wangu. Jedwali la nne la Katiba ya 2010 limezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hivyo hatuna haja ya kungoja Nairobi. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti za Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega wanaweza kuuliza, bajeti ya vitabu inapojadiliwa, ni nakala ngapi zitanunuliwa za kazi zilizotungwa na kuchorwa huku huku. Nakala tano kwa kila maktaba zingemwezesha mchoraji kuchapa toleo la pili.

Nao walimu wa kaunti hizo, msisubiri tamasha lijalo. Mkiniita nitakuja darasani, kipindi kimoja tu, na sitozi chochote zaidi ya nauli. Mnitafutie ubao, chaki, na karatasi za kuwatosha watoto. Kila mmoja atachora visanduku vitatu vya hadithi aliyosimuliwa nyumbani, na mwalimu atawasikiliza wakisomeana.

Mchoraji wa katuni,
Kondele, Kisumu