Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi, kilele cha Wiki ya Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wenyeviti wa serikali za mitaa,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja Temeke leo, Machi 22, siku ambayo kila mwenye bomba la kuzindua anakuhitaji. Barabara ya kufika hapa baada ya mvua ya juzi umeiona mwenyewe, kwa hiyo hatutaisema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza kwa kupanda miche na kuokota chupa kando ya Mto Kizinga, unaopita nyuma ya uwanja wetu wa mpira. Baadaye likazuka swali: mto huu ni wa nani? Mzazi mmoja akasema ni wa manispaa. Mwingine akasema ni wa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, maana ndio wanaoleta bili. Mwalimu wa Jiografia hakutujibu. Alituambia tukaisome sheria.

Tumeisoma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. Kuyasimamia hakufuati mipaka ya mkoa wala wilaya; kunafuata maji yanakoelekea. Ndiyo maana nchi imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na sisi wa Dar es Salaam tumo katika Bonde la Wami/Ruvu pamoja na ndugu zetu wa Pwani, Morogoro na sehemu ya Dodoma. Bodi ya Maji ya bonde hilo, yenye makao Morogoro, ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji ya mtoni na ya chini ya ardhi, na vya kumwaga majitaka. Wanachama wetu walishangaa kusikia kuwa hata DAWASA ni mteja pale, analipa ada kama mwenye shamba la umwagiliaji.

Sheria hiyo imepanga pia foleni. Mbele wapo binadamu na mahitaji yao ya lazima, nyuma yao mto wenyewe na viumbe wake, ndipo zifuate shughuli za uchumi. Mwaka 2022 tuliiona foleni hiyo ikibanwa. Mvua zilikatika, Mto Ruvu unaotunywesha ukapungua, na Oktoba mji ukaingia kwenye mgao. Mtambo wa Ruvu Juu huko Mlandizi una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini kule Bagamoyo lita milioni 270, lakini mitambo yote miwili inakunywa mto mmoja, ukishuka inashuka pamoja. Nafuu ilikuja Novemba, visima virefu vya Kigamboni vilipowashwa. Sasa linajengwa Bwawa la Kidunda, Morogoro, la lita bilioni 190, ili maji ya masika yatufae kiangazi. Tunaliombea limalizike salama.

Lakini Mheshimiwa, mwaka ule kila kijiweni lawama zilikuwa kwa watu wa juu, kule mto unakotokea: wafugaji, wakulima, wakata mkaa wa Uluguru. Hatusemi hawana sehemu yao. Tunasema hapa Temeke, eneo linaloitwa Mtoni, kuna mtambo mkongwe kuliko ile miwili ya Ruvu, unaochota maji ya Kizinga, yapata lita milioni 9 kwa siku. Kwa mtambo huo, watu wa juu ni sisi. Ni sisi tunaotapisha vyoo mvua kubwa inaponyesha usiku, tukijua maji yatabeba. Ni sisi tunaochota mchanga kingoni hadi mto unahama.

Hilo la mto kuhama tunaomba tulikalie kidogo, maana limetusumbua kuliko yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tulichukua utepe wa kupimia mbio tukaenda kupima. Pembe ya uwanja wetu imo ndani, na choo cha wavulana kinakaribia. (Mkuu wa Shule ametuomba tusiliseme kwa sauti kubwa.) Tuliporudi kupima baada ya masika, mche tuliouanzia ulikuwa umekwenda na maji, ukingo umesogea huku kwetu, na pembe ya darasa moja nayo ikawa imeingia. Mwenye nyumba iliyojengwa nje ya mita 60 anaweza kuamka siku moja yumo ndani bila kusogeza tofali. Huyu utamwambia amevunja sheria? Bila bikoni, yaani nguzo za mpaka, zinazoonekana, na bila kumzuia mchota mchanga, mita 60 zitabaki kwenye karatasi.

Kina mama wa bustani za mchicha na matembele kando ya mto wanaitwa wavamizi. Sisi tunawaona tofauti kidogo. Ndio wanaokuwa mtoni alfajiri, na ndio wanaojua gari lipi la majitaka limemwaga nini. Sheria ya 2009 inaruhusu kuundwa Jumuiya za Watumia Maji, zinazosimamia kipande chao cha mto na kusuluhisha ugomvi. Kuwafukuza kina mama hawa ni rahisi, ila akishaondoka wa mchicha anakuja wa kumwaga kifusi.

Kuhusu visima: mtaani kwetu karibu kila geti lina kisima, na watu wengi wanadhani kibali ni cha hoteli na viwanda tu. Karibu na pwani, ukivuta maji matamu kupita kiasi, ya bahari yanaingia mahali pake. Kisima cha shule yetu kinazidi chumvi mwaka hadi mwaka, na chai ya walimu ni shahidi.

Tunaomba basi, Mheshimiwa, ofisi yako iikutanishe manispaa na Bodi ya Bonde zije zipime na kusimika bikoni kuanzia hapa hadi darajani. Utepe wetu upo na vijana wa kubeba wapo. Tunaomba wakulima wa bustani, wenye visima na shule hii tusaidiwe kuanzisha jumuiya ya watumia maji ya kipande hiki cha Kizinga. Na maji ya kisima chetu yapimwe, majibu yabandikwe ubaoni hata kama ni mabaya.

Naomba kuwasilisha.