Wahusika wa vipindi vya watoto wasifanywe wachuuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo vituo vya televisheni na redio vimelizoea mno, nalo ni matangazo ya biashara yanayopachikwa ndani ya vipindi vya watoto, hasa yale ambayo mhusika wa katuni au mtangazaji anayependwa na watoto ndiye anayenadi bidhaa.

Mtu mzima anaposikiliza kipindi cha mahojiano redioni, na mtangazaji akakatiza mazungumzo ili kuisifu sabuni ya mdhamini, hutambua papo hapo kwamba sasa anauziwa kitu, ijapokuwa sauti ni ileile. Mtoto hana kinga hiyo. Jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilieleza mwaka 2004 kwamba watoto walio chini ya umri wa miaka 8 kwa kawaida hawaelewi kuwa tangazo limekusudiwa kuwashawishi, na kwa hiyo huyapokea madai yake kuwa ni kweli tupu. Mhusika aliyewafundisha kuhesabu na kushirikiana, akigeuka ghafla kuwasifia peremende, anatumia imani ambayo hakupewa kwa ajili ya biashara. Huko ni kumrubuni mtoto, hata kama bidhaa yenyewe haina madhara.

Wapo wanaosema vituo viachwe vijidhibiti vyenyewe. Marekani ilikwisha kujaribu njia hiyo: mwaka 1984 mamlaka ya mawasiliano iliondoa miongozo ya muda wa matangazo katika vipindi vya watoto, na katika miaka hiyo katuni zilizobuniwa ili kuuza vitu vya kuchezea watoto zikashamiri, hata Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 1990 iliyoweka kikomo cha dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 siku nyingine. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilikuwa limekwenda mbali zaidi tangu mwaka 1980, kwa kupiga marufuku matangazo yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Uswidi nayo iliweka katazo la namna hiyo kwa walio chini ya miaka 12, lakini chaneli zilizorushwa kwa setilaiti kutoka Uingereza hazikufungwa nalo. Ndiyo maana sheria ya nchi moja, bila makubaliano na majirani, huvuja.

Hoja ya fedha naiheshimu. Vipindi bora vya watoto ni ghali, na kituo kisicho na ruzuku hutegemea wadhamini. Hata hivyo, mwenye pochi ni mzazi, na anaweza kutangaziwa bidhaa hizohizo wakati wa taarifa ya habari, akiwa na akili ya kupima anachoambiwa.

Naziomba mamlaka za utangazaji ziagize mambo mawili bila kusubiri sheria mpya: mhusika au mtangazaji wa kipindi cha watoto asitokee kabisa katika tangazo lolote linalorushwa ndani au kandokando ya kipindi chake, na vipindi vya watoto ambao hawajaanza shule visikatizwe na matangazo ya biashara hata kidogo. Agizo hilo liihusu redio pia, kwani huko mtoto hana hata picha ya kumwonyesha kwamba hadithi imekoma na biashara imeanza.

Wako,
Msomaji na mzazi