Shukrani kwa Muuguzi Nisiyemjua Jina

Kwako dada muuguzi uliyempima mwanangu uzito alipokuwa na umri wa miezi 4: sikukuuliza jina, kwa hiyo natoa shukrani zangu hapa hadharani, nikitumaini kwamba zitakufikia. Watu wote walikuwa wakimsifu mtoto kwa macho yake makubwa, nami nilijivunia (naona haya kulikiri sasa), lakini wewe uliona kwamba alitokwa na machozi bila kulia, kwamba alifumba macho na kugeuza uso kila alipoelekezwa dirishani, na kwamba konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) ya jicho lake la kushoto ilikuwa na ukungu. Hukunitisha, ulinieleza tu kwamba dalili hizo zikikutana huenda zikawa glaukoma ya kuzaliwa nayo (ugonjwa wa presha kupanda ndani ya jicho), na kwamba hilo si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Daktari bingwa alithibitisha. Njia za kupitishia majimaji ya jicho hazikukamilika kuumbika tumboni, hivyo presha ilipanda na kulitanua jicho, kwa kuwa kuta za jicho la mtoto mchanga bado ni laini, huku ikiiumiza neva ya kuonea. Alifanyiwa upasuaji wa kuzifungua njia hizo, maana matone ya dawa peke yake kwa kawaida hayatoshi. Ataendelea kupimwa presha ya macho maisha yake yote. Jana alimfuata kipepeo kwa kidole hadi alipotoweka. Asante sana, dada yangu.