Adhabu ya shamba na walimu wapya wa kilimo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia, hata siku mlipochapa picha ya mtama mkaandika chini yake kuwa ni mahindi. Ila ile habari yenu ya wiki iliyopita, kwamba walimu wapya wa kilimo wanaripoti Januari wana moto na ifikapo Desemba wamepoa kwa kuwa "hawana wito", imenishinda kunyamazia.

Nimefundisha kilimo miaka 31, tangu enzi za mchepuo wa kilimo, shule ikiwa na ng'ombe wa maziwa na daftari la kila debe lililotoka shambani. Wito naujua. Na unavyouawa naujua pia.

Mwaka juzi kijana mmoja, mwalimu wa kilimo wa ajira mpya, alipanga chumba cha uani kwangu. Alishuka kwenye basi na begi moja na buti za mvua. Machi akawatoa kidato cha pili nyuma ya bwalo, wakapanda mahindi vipande vitatu, sentimeta 75 kwa 30: kimoja cha samadi, kimoja cha mbolea ya dukani, cha tatu hakikutiwa kitu. Kila kipande na kibao chake cha mwanzi. Jioni ananifuata barazani: "Mzee, ya samadi yana majani saba!" Nikasema moyoni, huyu atadumu.

Katikati ya Aprili ikasikika kuna wageni kutoka wilayani. Mkuu wa shule akapita nyuma ya bwalo, akaona mahindi ya kipande cha tatu yamekuwa ya njano, akasema yanaiaibisha shule. Kesho yake waliochelewa namba wakapewa adhabu ya kukipalilia na kukitia urea. Watoto wenye hasira na usingizi, hakuna wa kuwaonyesha lipi mche lipi gugu. Wakafyeka vyote, na nusu ya kipande cha samadi. Kijana mwenyewe alikuwa darasani anafundisha baiolojia, maana alishabebeshwa baiolojia na jiografia juu yake, eti kilimo si somo la kumchosha mtu. Alirudi nyumbani na kibao kimoja mkononi, kimeandikwa BILA MBOLEA. Akakiegesha dirishani, akaingia ndani bila hata salamu. Kuanzia Juni samadi anaifundishia ubaoni, watoto wananakili. Desemba akaomba avuliwe kilimo abaki na baiolojia. Buti kaniachia, ndizo navaa.

Sasa huyo mnamwita hana wito?

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mapato yake. Sisi tumebakiza jembe tu, tukalikabidhi kwa mwalimu wa nidhamu. Umechelewa, kalime. Hujachomekea shati, kalime. Umeongea Kiswahili, kalime! Halafu saa nne anaingia mwalimu wa kilimo kuwaambia watoto haohao, viganja vimechubuka, kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.

Na shamba lenyewe liko wapi? Upande wa barabarani zimeota fremu saba za maduka, na kodi yake sijasikia ikisomwa kwenye kikao cha wazazi. Moja inauza pembejeo. Nilinunua humo mbegu za mahindi, pakiti haina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu; miwani nilikuwa nimeisahau. Nikafukia kumi za kujaribia, zikaota tatu. Kurudi dukani naambiwa udongo wangu ndio mbaya. Udongo wangu!

Tunaambiwa mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, umeanza sekondari, na kilimo kimo. Vizuri. Basi kila mkuu wa shule apewe tuta lake la mchicha, mita 10 kwa 1, jina lake kibaoni kwa herufi kubwa, na wadhibiti ubora wa shule walikague kabla hawajanywa chai. Mwanafunzi aliyechelewa apigwe marufuku kukanyaga shambani wiki nzima. Mbegu za mchicha nitatoa mimi. Jembe mkuu aje nalo kutoka nyumbani, kama wanafunzi wanavyoambiwa.

Mwalimu mstaafu wa kilimo,
Kilosa, Morogoro