Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama wa Skimu ya Umwagiliaji

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana mliojibanza kule mlangoni: Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Taarifa hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilianza na banio, pale maji ya mto yanapozuiwa na kuingizwa mferejini, ikaenda kwenye ada, ikaishia kwenye powatila, trekta dogo la mkono, kama ya kila mwaka. Nilipoisoma nikaona marehemu mzee wetu nimempa mstari mmoja tu, chini ya bei ya saruji. Nikaichana. Habari za saruji mhazini anazo na risiti zake zote, atazisoma baada yangu. Mwenye swali la fedha amsubiri yeye.

Ya kilimo, kwa ufupi. Mvua za masika zilichelewa, kisha zikaja zote kwa mkupuo. Tope la kutoka milimani Usambara likajaa mbele ya banio, na vitalu vya mkiani mwa mfereji vikakaa siku nyingi vinasikia maji kwa jirani. Waliopandikiza mpunga wa mbegu ya Saro 5 kwa mistari, na miche ikiwa bado michanga, wamevuna kuliko waliomwaga mbegu. Waliobisha mwaka jana nawaona leo wametulia. Ada ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani tumelipa, hati yetu ya kutumia maji iko salama. Majina ya wadaiwa wa ada ya skimu yamebandikwa mlangoni. Langu halimo, ingawa mwaka juzi lilikuwemo.

Sasa mzee.

Mzee alikuwa mtoto wa manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge. Vijana neno hilo mnalisikia tu kwenye hadithi. Baba yake aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge hapa Korogwe, enzi ambazo mkonge ndio uliokuwa ukiitwa dhahabu ya kijani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Baadaye kamba za nailoni zikashika soko, bei ikaporomoka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na baba mtu akajikuta ugenini hana kazi, hana kiwanja, hana ukoo wa kumkimbilia. Mzee alikuwa akisema hakurithi hata mpini wa jembe. Nadhani ndiyo maana aliishika familia vile. Ukoo wake aliuanza yeye mwenyewe, kutoka sifuri.

Alianza kwa kuchunga ng'ombe wa watu, ujira wake ndama. Wale ndama wa mwanzo ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, iliwamaliza karibu wote. Hakukata tamaa, ila alijenga tabia ambayo wengi wetu tulimcheka nayo: akifika kwa mtu, alipitia zizini kwanza, akampapasa ndama chini ya sikio kuangalia kama tezi imevimba, ndipo amsalimie mwenye ndama. Nyumbani kwangu alifanya hivyo siku ya posa ya binti yangu, wageni wameshakaa. Tezi ilikuwa imevimba kweli. Mganga wa mifugo akaitwa siku hiyohiyo, na ndama yule leo ni mama wa ng'ombe watatu. Siku ya josho, ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, hakuikosa, hata msiba ukiwepo. Alikwenda asubuhi na mapema, akarudi kuzika.

Maji alifundishwa na mkwewe, Msambaa wa huko juu upande wa Soni. Wasambaa wamechimba mifereji kwenye miteremko ile tangu enzi za mababu, kabla mtu hajaleta saruji wala mkandarasi. Mkwe akampa binti, akampa na elimu ya mfereji, na mzee akashuka navyo vyote viwili bondeni. Usiku, kwenye zamu ya maji, hakupenda tochi. Alisimama kwenye geti, akasikiliza mlio wa maji, akakwambia jirani wa juu ameiba. Mara nyingi alikuwa sahihi. Mara moja alikosea, ikawa ni kambare amekwama, na mtu aliyetuhumiwa alimdai kambare yule hadi akapewa.

Yeye ndiye aliyetusaidia ugomvi wa ng'ombe na mifereji, na mnakumbuka ulivyokuwa. Wakulima wa mpunga walitaka mifugo ifukuzwe skimu nzima, maana kwato zinabomoa kingo, na ukingo mmoja ukibomoka usiku, asubuhi watu kumi hawana maji. Wafugaji nao wakasema sheria imeshawazuia kunyweshea ng'ombe mtoni, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za kingo za mto. Basi wakanywe wapi? Mzee alikuwa na jaruba la mpunga upande huu na zizi upande ule. Alisimama akasema ng'ombe mmoja anakunywa debe moja na nusu hadi mawili kwa siku, na ukimnyima atautafuta mfereji mwenyewe, hasomi ilani. Kisha akaketi. Mwezi uliofuata alijenga birika la kunyweshea kwenye kona ya kitalu chake, akalilisha kwa maji ya mtaro wa kutolea, si ya zamu ya mtu. Kona ile ingempa gunia kadhaa kila msimu. Hakutudai fidia, nasi, niseme ukweli, hatukumpa.

Jambo jingine linanihusu mimi, na ninalisema mbele yenu kwa sababu yeye hakulisema. Nilipokuwa katibu nilimtoza faini kwa kuchelewa vikao. Kikao cha saa mbili alifika saa nne, mara tatu mfululizo. Alitoa noti mfukoni, akalipa, akaomba risiti. Miezi mingi baadaye nikaja kujua kwamba mkewe alikuwa amepata kiharusi, na mzee hakuruhusu mtu mwingine amlishe uji wa asubuhi. Mabinti walijitolea, wakwe walijitolea. Alimlisha yeye mwenyewe kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo, akamgeuza upande wa dirishani, ndipo akavaa mabuti. Ilikuwa hivyo hadi mama alipofariki. Faini zile nimezirudisha kwa wanawe wiki ya arobaini. Walicheka sana.

Kabla hajaondoka aliita kamati nyumbani, akataka vitalu vyake viandikishwe kwa majina ya watoto wote saba, wa kike na wa kiume. Kulikuwa na minong'ono, nami nilikuja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kwapani, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume. Sikuifungua. Mzee alisema tu kwamba binti yake mkubwa ametembea naye zamu za usiku tangu ana miaka kumi, na ndiye pekee anayejua geti lipi linavuja. Mabinti watatu wanaingia leo kama wanachama kamili. Naomba muwapokee kwa kura.

Lililobaki ni birika. Limepasuka upande mmoja, na kitalu kile sasa ni cha watoto wake. Si haki waendelee kubeba mzigo wa skimu nzima. Kamati inapendekeza chama kilitengeneze kwa fedha yake, na kona ile tuilipie kodi kila msimu. Mjadili, mpige kura.

Msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa kuzoa tope ni Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye banio. Njooni na mabeleshi, si majembe tu kama mara iliyopita. Ufunguo wa geti kuu anao binti mkubwa wa marehemu.

Naomba kuwasilisha.