Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wa Malindi, hasa msimu huu wa joto la kaskazi ambapo drili za kutobolea kuta ili kufunga viyoyozi hazinyamazi.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, mwaka wa 19 sasa. Wiki jana niliitwa nyumba moja Ngala. Mama mwenye nyumba anamuuguza mumewe aliyepooza, na kiyoyozi alikinunua kwa ajili ya chumba cha mgonjwa. Hakijatimiza miezi 8 na tayari amelipia gesi mara 3. Kila mara aliambiwa, "Mama, gesi imeisha." Akatoa pesa, maana aliidhani ni kama ile ya jikoni, inayotumika ikaisha.

Hii haitumiki ikaisha. Huzunguka tu. Hutoka kwenye kompresa, yaani mashine inayoisukuma, ikapozwa kule nje hadi ikawa kimiminika, ikaingia ndani kwa paipu nyembamba, ikabeba joto la chumba, ikarudi nje kwa paipu nene. Ikipungua, pana mahali inapovuja, na fundi anayeongeza bila kupatafuta atarudi tena kudai pesa zile zile.

Nilipaka povu la sabuni kwenye nati za paipu, moja ikaanza kutoa mapovu. Kuifungua, mdomo wa shaba umepasuka ukingoni. Aliyeufanya alikata kwa msumeno, hakukwangua vijino vilivyobaki, kisha akaikaza nati kwa nguvu zake zote. Shaba ni laini, haitaki hivyo. Hukatwa kwa kikatio chake, ukingo ukakwanguliwa paipu ikiwa imeinamishwa ili vumbi la shaba lisiingie ndani, mdomo ukapanuliwa, nati ikakazwa kwa spana yenye kipimo. Kazi ya dakika 10.

Lililoniuma zaidi ni jingine. Nilimuuliza kama siku ya kufunga aliona pampu ya kuvuta hewa na unyevu kutoka ndani ya paipu. Hakuiona. Fundi alifungulia gesi kidogo isukume hewa nje ya paipu, akakaza, akaenda zake. Mimi pia nilifundishwa hivyo zama za R-22, gesi ya viyoyozi vya zamani, na ziko nyumba hapa mjini nilizozifunga hivyo. Nimeacha. Mafuta ya kompresa za gesi zilizofuata, R-410A na R-32, hunywa unyevu upesi, na hewa yetu ya baharini imejaa unyevu. Maji yakibaki ndani huzaa asidi, na asidi huila kompresa kidogo kidogo. Tena R-32 hushika moto, si gesi ya kumwaga chumbani alimolala mgonjwa.

Kwa hivyo paipu zikishaungwa, kwanza zijazwe nitrojeni kavu tuone kama sindano ya geji ya kupimia shinikizo inashuka. Nitrojeni, ndugu zangu mafundi, si oksijeni ya kuchomelea! Oksijeni ikikutana na mafuta kwa shinikizo kubwa hulipuka, na mtu hufa. Baada ya hapo pampu ivute nusu saa au zaidi, ifungwe, na geji itazamwe tena kabla gesi haijafunguliwa.

Kwa yule mama nilikata kipande kilichopasuka, nikapanua mdomo upya, nikavuta kwa dakika 40. Sindano haikurudi. Gesi nikaipima kwa mizani kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, si kwa kukisia.

Wenye nyumba, fundi akija bila pampu mwambieni akaichukue kwanza. Najua pampu ni ghali na vijana wengi wanaoanza hawana. Yangu iko Maweni. Siku nisiyo na kazi, kijana yeyote wa hapa aje aiazime, simtozi kitu, mradi airudishe na mafuta yake safi.

Fundi wa viyoyozi,
Maweni, Malindi