Nataka nimlete Bakari

Langoni, Lamu
Jumapili usiku

Ndugu yangu Twalib,

Salaam aleikum. Mimi mzima, nyumbani wote wazima, mama anakusalimu na bado anakudai sahani yake. Tangu Ramadhani sijakuandikia wala kukupigia; lawama ziweke, sasa nisikilize.

Jana tulimzika Bi Mwanaisha. Jeneza linapita kichochoro cha akina Omari, nikamwona Bakari amejibana ukutani, kandambili mkononi, midomo inamcheza. Nikadhani anasoma. Kumsogelea, wallahi alikuwa anahesabu watu! Akifika kumi na tano anaanza tena moja. Makaburini hakuja. Bakari huyu huyu aliyekuwa wa kwanza kushuka kaburini kupokea maiti, mpaka tukimtania kwamba mwanandani ni chumba chake.

Kumi na tano unaijua. Ndiyo idadi ya watu walioruhusiwa kuhudhuria maziko 2020, wakati wa korona. Wewe ulikuwamo katika hao pale makaburi ya Kikowani, na ndiye uliyemshikia Bakari simu amwone baba yake akishushwa, maana Mombasa ilifungwa tangu 8 Aprili, haingii mtu hatoki mtu, na yeye yuko huku. Na mzee sukari ndiyo iliyomwondoa, wala si korona. Njia zilipofunguliwa 7 Julai akasema atakuja wiki ijayo. Wiki hiyo haijafika. Kaburi hajaliona hadi leo.

Mtaani kila mtu ana dawa yake. Shangazi yake kamnywesha kombe, maji ya aya za Kurani, mara tatu. Wengine wasema jini wa baharini, kwa kuwa kaacha kuvua. Jini gani huyo mwenye hesabu? Kombe silipingi, lakini daktari alimwambia mkewe kwamba hii ni huzuni iliyokosa pa kutokea, akampa tarehe ya kurudi. Hakurudi. Nikamwambia shemeji si yeye peke yake, Shirika la Afya Duniani lilisema 2022 kwamba mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona vilipanda duniani kwa asilimia 25. Akaniuliza, "Na Bakari walimhesabu?" Nikanyamaza.

Mimi mwenyewe nikwambie? Ikifika saa moja usiku mkono bado unakwenda kwenye komeo. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, komeo hawakuliarifu.

Sasa shida yangu. Nataka nimlete. Boti ya asubuhi hadi Mokowe, halafu basi, nauli ninayo. Lakini makaburini uingie naye wewe, mimi nitabaki langoni. Unakumbuka mtandao ulikatika kabla ya udongo? Yeye aliona baba yake anashuka, basi. Kufukiwa hakuona. Labda hapo ndipo alipokwama, labda sipo, mimi si daktari, ila jana nilipomwona pale ukutani...

Kaburi utalitambua? Lina kibao? Ile simu bado unayo, au uliiuza? Na wewe siku ile uliporudi nyumbani, ulimwambia nani? Mbona sisi watatu hatujawahi kuulizana? Tukija Ijumaa ijayo utakuwepo, au una safari zako za Voi?

Nijibu kabla ya Alhamisi, maana mkewe nimeshamwambia umekubali.

Wako,
Shee